Kabla Hujasema "Ni Kibovu": Njia Tatu za Kuunganisha Vifaa Visivyo na Waya kwenye Kompyuta Yako

Leo hatuongelei bei wala picha za bidhaa. Tunaongelea kitu kinachokula hela za wauzaji wengi wa mtandaoni kimya kimya: mausi, kibodi, hedifoni, printa na skana zisizo na waya ambazo "zimegoma" kwenye kompyuta.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme upo Bariadi mjini, umemuuzia mteja wa Mwanhuzi mausi ya shilingi 15,000. Umeifunga vizuri, umelipia mzigo kwenye basi. Kesho yake anapiga simu: "Mausi yako mbovu hii, nirudishie hela yangu." Ukikubali tu bila kuuliza kitu, umepoteza hela ya kutuma, hela ya kurudisha, muda wako, na huyo mteja harudi tena. Halafu mzigo ukifika kwako unachomeka, inafanya kazi vizuri kabisa. Faida ya mausi kadhaa imeliwa na mausi moja ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Na kama wewe siyo muuzaji wa vifaa, unauza vitenge au mafuta ya nywele, bado inakuhusu. Oda ziko kumi, unataka kuchapa majina ya wateja ubandike kwenye mizigo, gari linaondoka saa nane, printa inakuandikia "Offline". Hapo ndipo utajua hujui.

Mimi nauza vifaa hivi hapa Bariadi. Sijasomea kompyuta darasani, nimejifunza kwa kufungua maboksi, kusoma na kupokea simu za wateja. Kinachojirudia ni kimoja: vifaa vingi vinavyoitwa vibovu havina ubovu. Mtu anakiunganisha kifaa kwa njia ambayo siyo yake. Njia zenyewe ziko tatu tu. Ukizijua hizo, shida nyingi unazimaliza kwa simu ya dakika tano.

(Maneno yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta nimeyaacha kama yalivyo, ili uyatafute hivyo hivyo.)

KWANZA, JUA KIFAA CHAKO NI CHA NJIA IPI

Njia ya 1 ni kipokezi. Ni kile ki-USB kidogo kama ukucha kinachokuja na mausi au kibodi. Unachomeka kwenye kompyuta, basi.

Njia ya 2 ni Bluetooth. Hakuna cha kuchomeka. Kompyuta yenyewe inakitafuta kifaa na kukubaliana nacho, kama unavyofanya kwenye simu.

Njia ya 3 ni Wi-Fi. Hii ni ya printa zaidi. Printa na kompyuta zinakutana kwenye mtandao mmoja wa ndani.

Utajuaje? Angalia boksi au chini ya kifaa. Ukiona "2.4G" au "2.4GHz" peke yake, hiyo ni ya kipokezi. Ukiona ile alama ya herufi B yenye pembe kama mishale, hiyo ni Bluetooth. (Alama hiyo imetokana na herufi za kale za jina la Harald, mfalme wa Denmark wa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliyepewa jina la utani la Jino la Bluu.) Ukiona vyote viwili, kifaa kina njia mbili na mara nyingi kuna swichi au kitufe chini cha kuchagua.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu ana mausi ya 2.4G, anafungua Bluetooth ya laptopu, anatafuta asubuhi mpaka jioni. Haitaonekana hata atafute wiki nzima, kwa sababu mausi hiyo haina Bluetooth. Inasubiri kipokezi chake.

NJIA YA 1: KIPOKEZI

Hii ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo yenye malalamiko mengi. Fuata mpangilio huu:

1. Tafuta kipokezi. Mteja akisema "haikuja na USB yake", mwambie afungue mfuniko wa betri. Kwenye mausi nyingi kimefichwa humo ndani au kimechomekwa kwenye kitundu cha chini. Wengine wanatupa boksi nacho kimo ndani.

2. Angalia betri. Mausi mpya huwa na kipande cha plastiki kinachozuia betri isigusane na chuma. Kitoe. Kama betri unaweka mwenyewe, angalia alama za + na -.

3. Washa swichi ya chini. Unaweza kucheka, lakini mausi kibao "mbovu" zilikuwa zimezimwa tu.

4. Chomeka, subiri nusu dakika. Kompyuta mara ya kwanza inahitaji muda kidogo kukitambua kifaa.

5. Badilisha tundu la USB. Likigoma moja, jaribu lingine.

6. Angalia meza. Mausi ya mwanga haisomi vizuri juu ya kioo au meza inayong'aa sana. Weka karatasi au daftari chini yake. Mshale ukianza kutembea, umemaliza.

Sasa, kuna tatizo moja ambalo watu wengi hawalijui: mausi inakwamakwama, inaruka, inakubali ikitaka. Mara nyingi chanzo ni mahali ulipochomeka kipokezi. Yale matundu ya USB yenye rangi ya bluu ndani, yaani USB 3.0, yakiwa yanatumika na flashi au hadi diski hutoa kelele za mawimbi kwenye masafa yale yale ya 2.4GHz. Intel wenyewe walilieleza jambo hili kwenye andiko lao la 2012. Dawa yake: hamishia kipokezi upande wa pili wa laptopu, mbali na flashi.

Kwa kompyuta ya mezani, usichomeke kipokezi nyuma ya kile kiboksi cha bati halafu ukakisukumia ukutani. Bati linazuia mawimbi. Chomeka mbele, au tumia waya mfupi wa kurefushia USB.

Na kipokezi kikipotea? Kwa mausi nyingi za bei ya chini, kipokezi na mausi vimefungwa pamoja kiwandani. Kipokezi cha mausi nyingine hakitafanya kazi hata kama vinafanana kama mapacha. Baadhi ya vifaa vya Logitech ni tofauti. Vyenye alama ndogo ya nyota ya rangi ya chungwa, wanayoita Unifying, unaweza kununua kipokezi kingine na hata kuunganisha vifaa mpaka sita kwenye kipokezi kimoja. Ila kuna aina nyingine mpya zaidi inaitwa Logi Bolt, ilitoka 2021, na haziingiliani na zile za nyota. Ukinunua kipokezi cha kubadilisha, hakikisha alama zinafanana.

NJIA YA 2: BLUETOOTH

Swali la kwanza kabisa: kompyuta yako ina Bluetooth? Laptopu nyingi zinayo. Kompyuta nyingi za mezani, hasa hizi za mtumba, hazina. Kuangalia, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye alama ya Windows, chagua "Device Manager", kisha tafuta mstari ulioandikwa "Bluetooth". Ukiukosa, kompyuta haina Bluetooth au draiva yake haijawekwa. Kama haina kabisa, nunua adapta ndogo ya Bluetooth ya USB, unachomeka kama flashi.

Ukishaiona, hatua ni hizi:

1. Zima Bluetooth ya simu yako na ya watu waliopo karibu waliowahi kutumia kifaa hicho. Hii ndiyo siri kubwa. Hedifoni ikishazoeana na simu, ukiiwasha inakimbilia simu kwanza. Kompyuta inabaki inatafuta hewa. Simu iko mfukoni, wewe unalaumu kompyuta.

2. Weka kifaa kwenye hali ya kutafutwa. Kuwasha tu hakutoshi. Shikilia kitufe chake cha Bluetooth sekunde tatu mpaka tano hadi taa ianze kupepesa haraka. Hedifoni zile ndogo za kwenye kiboksi, nyingi zina kitufe kwenye kiboksi chenyewe, au unazishikilia zote mbili kwa muda.

3. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", ingia "Bluetooth & devices", bonyeza "Add device", chagua "Bluetooth". Kwenye Windows 10 ni "Settings", kisha "Devices", kisha "Add Bluetooth or other device".

4. Jina la kifaa likitokea, libonyeze. Kibodi inaweza kukupa namba: ziandike kwa kutumia kibodi hiyo hiyo mpya, halafu bonyeza Enter.

Kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi jana na leo kimegoma, usihangaike kubonyeza kuunganisha mara ishirini. Kifute kwanza kwa "Remove device", kizime, kiwashe, anza upya. Inamaliza kesi nyingi.

Bluetooth ya vifaa vidogo hivi ihesabu kama mita 10 pakiwa wazi. Ukiwa kwenye fremu yenye geti la chuma, makabati ya bati na watu, inapungua. Spika ikae sehemu ambayo wewe na kompyuta mnaiona.

Kwa wanaokwenda laivu au kurekodi video za bidhaa: umeshawahi kuona sauti ya hedifoni ya Bluetooth inageuka kuwa kama ya redio mbovu ukianza kuongea? Kifaa hakijaharibika. Kwa hedifoni nyingi, maiki yake ikianza kutumika, Bluetooth inahamia kwenye njia ya simu, ambayo sauti yake ni ya chini. Suluhisho ni kuchagua maiki ya laptopu au maiki ya waya kwenye "Settings" upande wa "Sound", na hedifoni uiachie kazi ya kusikiliza tu.

Jambo la mwisho hapa: usitupe mausi na kibodi yako ya waya. Kibodi nyingi za Bluetooth hazifanyi kazi mpaka Windows iwake kabisa. Siku kompyuta ikigoma kuwaka na inataka ubonyeze kitufe fulani, ile ya waya ndiyo itakuokoa. Na ukiwa na kompyuta ya mezani mpya, utaunganishaje mausi ya Bluetooth bila mausi ya kubonyezea? Weka ya waya kabatini.

NJIA YA 3: PRINTA YA WI-FI

Hapa kuna jambo moja linalotisha watu bure: wanadhani printa ya Wi-Fi inahitaji bando. Kuchapa kutoka kompyuta kwenda printa kunahitaji mtandao wa ndani, siyo intaneti. Bando likiisha, printa nyingi zinaendelea kuchapa. Ila ukinunua printa ya HP, angalia boksi kama ina mpango wa HP+. Ukijiunga na mpango huo, printa inataka intaneti muda wote na wino halisi wa HP. Usije ukamuuzia mtu wa kijijini bila kumwambia.

Wengi wetu huku hatuna ruta, tunatumia hotspoti ya simu. Inawezekana, ila zingatia haya:

- Printa nyingi za nyumbani zinasoma masafa ya 2.4GHz tu. Kama simu yako inarusha hotspoti ya 5GHz, printa haitaiona kabisa. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotspoti ubadilishe iwe 2.4GHz. Kwenye iPhone za kuanzia 12, washa "Maximize Compatibility".

- Kompyuta na printa lazima ziwe kwenye hotspoti ile ile. Kompyuta iko kwenye simu yako, printa iko kwenye simu ya dada? Hazitaonana.

- Simu ikiondoka, mtandao umeondoka. Kama hotspoti ni ya mtu anayekwenda sokoni saa nne, chapa kabla ya saa nne, au tumia njia inayofuata.

Njia hiyo inaitwa Wi-Fi Direct. Printa inarusha mtandao wake yenyewe. Fungua orodha ya Wi-Fi kwenye laptopu, tafuta jina linaloanza na "DIRECT-". Neno la siri utalipata kwenye kioo cha printa, au kwenye karatasi ya taarifa ambayo printa inaichapa yenyewe. Huhitaji ruta wala simu. Ubaya wake ni kwamba laptopu nyingi zikiwa kwenye mtandao huo zinakosa intaneti kwa muda. Kwa hiyo pakua oda zako kwanza, kisha hamia kwenye printa.

Sasa tuje kwenye ile "Offline" baada ya umeme kukatika na kurudi. Ruta ikiwaka upya inaweza kuipa printa anwani mpya ya ndani, na kompyuta inaendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Yaani printa imehama nyumba, kompyuta inabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Fanya hivi: washa ruta au hotspoti kwanza, subiri itulie, washa printa, kompyuta iwe ya mwisho. Futa kazi zilizoganda kwenye foleni ya kuchapa. Ikigoma bado, ifute printa kwenye "Printers & scanners" uiongeze upya.

PRINTA NDOGO ZA RISITI NA SKANA

Zile printa ndogo za karatasi ya upana wa milimita 58 zimekuwa nyingi, na ni nzuri kwa kuchapa jina na namba ya mteja kwenye mzigo. Hazitumii wino, zinachapa kwa joto kwenye karatasi maalumu. Mambo matatu:

Moja, ikiuliza namba ya siri ya Bluetooth, jaribu 0000 au 1234. Nyingi ni hizo.

Mbili, kuona "Paired" kwenye kompyuta hakumaanishi itachapa. Kwenye simu unaweka programu yake, inachapa. Kwenye kompyuta inahitaji draiva na mipangilio ya ziada. Ushauri wangu: Bluetooth kwa simu, waya wa USB kwa kompyuta. Kabla hujamlaumu mtu, ijaribu yenyewe: izime, shikilia kitufe cha kutoa karatasi, iwashe. Nyingi zinachapa karatasi ya majaribio. Ikitoka nyeupe, huenda umeweka karatasi upande usio sahihi. Igeuze.

Tatu, karatasi inayotoka hapo siyo risiti ya EFD ya TRA. Usimpe mteja ukamwambia ni hiyo.

Skana za kusoma mistari ya bidhaa ndiyo rahisi kuliko unavyodhani. Kompyuta inaiona kama kibodi. Fungua "Notepad", soma bidhaa yoyote, hata sabuni. Namba zikijiandika, skana ni nzima. Zisipoingia kwenye programu yako ya stoo, shida iko kwenye programu hiyo.

USALAMA: KOMPYUTA YAKO INA HELA ZA WATU

Kompyuta unayoingilia benki, WhatsApp ya biashara na orodha ya wateja siyo ya kuchezea. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kasoro waliyoiita MouseJack: baadhi ya vipokezi vya mausi na kibodi, vya watengenezaji kadhaa, vilikubali maandishi kutoka kwa mtu aliye mbali, hata kufika mita 100, kana kwamba ni kibodi yako. Vifaa vya Bluetooth havikuwa kwenye kasoro hiyo.

Usiogope ukatupa mausi. Fanya haya: ukiondoka, funga kioo kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Kwa kompyuta ya hela, tumia kibodi ya waya au ya Bluetooth. Ombi la kuunganisha likitokea na hujalianzisha wewe, likatae. Na ukiuza kompyuta au hedifoni yako ya zamani, futa vifaa vyote ulivyounganisha.

KWA MUUZAJI: ULIZA KABLA YA KURUDISHA HELA

Kwenye tangazo lako usiandike tu "mausi isiyo na waya". Andika "ya kipokezi" au "ya Bluetooth" au "njia zote mbili". Na kabla ya kuuza chochote cha Bluetooth, muulize mteja: kompyuta yako ni laptopu au ya mezani? Swali hilo moja linaokoa mizigo mingi kurudi. Kabla ya kufunga mzigo, rekodi video ya sekunde 20 kifaa kikifanya kazi, mtumie.

Mteja akilalamika, mtumie ujumbe huu. Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo:

"Samahani sana kwa usumbufu. Kabla ya kurudisha mzigo naomba tuangalie pamoja dakika tano. 1) Swichi ya chini imewashwa na kile kiplastiki cha betri kimetolewa? 2) Kile ki-USB kidogo umekiona? Angalia ndani ya sehemu ya betri. 3) Umejaribu tundu lingine la USB, na kompyuta nyingine kama ipo? 4) Kama ni ya Bluetooth, umezima Bluetooth ya simu? Nitumie video fupi nione taa. Ikigoma baada ya hapo, nakubadilishia."

Ona sentensi ya mwisho. Vifaa vibovu kweli vipo, na kikigoma kwenye kompyuta mbili tofauti baada ya hatua zote hizo, hicho ni kibovu. Badilisha bila kubishana. Mteja akiona ulimsaidia kwanza na ukatimiza ahadi, msimu wa pamba ukifunguliwa na hela zikawepo, atakupigia wewe.

Sevu post hii, mtumie mwenzako anayeuza vifaa Maswa, Lamadi, Lagangabilili au popote alipo. Na siku ukisikia "mbovu hii", swali lako la kwanza liwe moja tu: ni ya njia ipi?